Mwaka Bezawit Alipoanza Shule

Mume wangu Gizachew ni dalali wa kondoo katika soko la Debre Birhan, na sauti yake inajulikana kuliko sura yake. Akimshika kondoo dume mkia na kuanza kumsifu, hata wanaonunua vitunguu upande wa pili wa soko hugeuka. Nyumbani ni vile vile. Mama yake, Emama Tewabech, tunayeishi naye, husema mwanawe hakuzaliwa, alitangazwa. Na binti yetu Bezawit alichukua kwa baba. Tangu alipojua kusema hakunyamaza ila akilala, na hata usingizini alikuwa akibishana na mtu.

Kwa hiyo tulipompeleka darasa la kwanza, mvua zimekwisha na vilima vimejaa maua ya njano ya mwaka wetu mpya wa Septemba, mimi nilikuwa na hofu moja tu: kwamba mwalimu atachoshwa na domo lake.

Mwalimu aliitwa Aselefech, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sweta la kijivu lililofumuka kiwiko. Jumamosi ya kwanza alituita wazazi wote. Tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu, na yeye akasimama mbele yetu kama vile sisi ndio tulioandikishwa.

"Nawaambieni mapema ili msije kunivamia baadaye," alisema. "Watoto wenu watarudi nyumbani wamechoka kama punda wa kuni. Yule mpole atapiga mlango teke. Atalia kwa kuwa umempa kikombe chekundu na yeye alitaka cha kijani. Msimchape. Mchana kutwa amekaa, amesikiliza, amengoja zamu yake. Kwako ndiko anakokuja kumwaga. Herufi zao zitaangalia nyuma, msishtuke. Watapoteza penseli, kofia na meno. Atakayesoma kabla ya Krismasi, tutamshukuru Mungu. Atakayesoma baada ya Pasaka, tutamshukuru Mungu huyo huyo."

Watu walicheka. Gizachew akainua mkono, ingawa yeye angesikika hata bila kuinua.

"Mwalimu, huyu wangu hutamngoja mpaka Pasaka. Huyu anasema kama redio!"

"Vizuri, Baba Beza. Basi nyumbani usimuulize amejifunza herufi ngapi. Muulize leo amecheza na nani. Hilo ndilo litakalokuambia mambo yake yanakwendaje."

Nilimuuliza kila siku. Na Beza alinisimulia mpaka chai ikapoa: nani kamwaga maji, nani kaficha kofia ya nani, mwalimu anavyovua miwani anapokasirika. Alimwigiza kila mtu. Tukacheka, nami nikalala usingizi wangu bila wasiwasi.

Siku moja nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nangoja unga wangu wa shayiri. Mama mmoja aliingia na binti yake mwenye sare ya shule. Mtoto akanitazama, kisha akamvuta mama yake shuka.

"Mama, huyu ndiye mama yake yule bubu."

Nilidhani anamsema mtu aliye nyuma yangu. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na magunia.

"Bubu gani, mwanangu?" nikauliza.

"Bezawit. Anayekaa dawati moja na Fikirte."

Mama yake alimfinya, akaniomba radhi mara mbili tatu. Mimi sikuwa na hasira. Niliuacha unga kwenye mashine nikaenda moja kwa moja shuleni, mikono bado myeupe kwa vumbi la shayiri.

Mwalimu Aselefech alikuwa anafuta ubao. Aliponiona hakuuliza nimefuata nini.

"Karibu, Mama Beza. Nilikuwa nakuja kwako wiki hii. Watoto wengi hukaa kimya siku za mwanzo, nikasema nimpe muda. Lakini muda umepita. Tangu afike hapa, sijasikia neno lake hata moja. Akiitwa jina haitikii, ananitazama tu. Akitaka kwenda chooni anajikaza mpaka Fikirte amsemee. Niambie, nyumbani anasema?"

Nilicheka. Kicheko kiligeuka katikati kikawa kilio, nikajifuta kwa mikono ile yenye unga. "Mwalimu, nyumbani hafungi mdomo! Wewe mwenyewe anakuigiza, na miwani yako!"

"Ananiigiza?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi tuna bahati. Sauti ipo."

Jioni ile, nikimsuka nywele, nilimuuliza taratibu. Beza aligusa koo lake.

"Sauti inakuja mpaka hapa, mama. Halafu inakwama kama tonge la injera. Nikiisukuma inarudi chini."

"Unamwogopa mwalimu?"

"Hapana. Mwalimu ni mzuri."

"Na wenzako?"

"Wananitazama wakitaka niseme. Wakinitazama inazidi kukwama."

Kila mtu nyumbani alikuwa na dawa yake. Emama alisema kuna jicho la husuda limemwona mtoto, tena analijua ni la nani, akamdamkia alfajiri akampeleka kwenye maji ya baraka. Siyadharau maji yale, mimi mwenyewe nimepona kwayo. Lakini baridi ya mji wetu hamuijui. Mtoto alirudi na kikohozi cha siku kadhaa. Gizachew naye aliingia na dawa ya sokoni.

"Sikiliza, malkia wangu. Kesho sema neno moja tu darasani. Moja! Hata 'ndiyo' inatosha. Ukilisema, nakununulia vile viatu vyekundu."

Kesho yake alirudi, akasimama mlangoni, mkoba bado mgongoni, machozi yanachuruzika.

"Nilivitaka, baba," alisema. "Nilivitaka sana."

Gizachew alitoka nje akaenda kusimama na punda wetu. Viatu alivinunua jioni ile ile, akamvisha mwanawe kwa mikono yake, bila sharti tena.

Majirani walisema tumtoe, tumpeleke shule ya kulipia ambako walimu ni wakali na watoto husema wapende wasipende. Nilimpelekea Mwalimu Aselefech maneno hayo. Aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Mama Beza, hiki si kiburi, wala si ububu. Ni woga unaokaba. Nimewaona wengine wa namna yake, na ninachokijua ni kwamba mlango huu haufunguki kwa teke. Niambie, kahawa yako ni nzuri?"

"Watu husema ni nzuri."

"Basi Jumamosi nakuja kuinywa."

Alikuja kweli. Alikuwa na watoto sitini katika darasa lile, na mama yake mzee nyumbani asiyeweza kutembea, lakini Jumamosi yake akaileta kwetu. Beza alipomwona aliingia chini ya kitanda. Mwalimu hakumwita wala hakuuliza yuko wapi. Alikaa, akanusa moshi wa kahawa niliyokuwa nikiikaanga, akala bisi, akaongea na Emama habari za baridi na bei ya kuni. Aliaga akaenda zake. Jumamosi iliyofuata tukaona ncha za viatu vyekundu chini ya kitanda. Jumamosi nyingine Beza akatoka, akakaa nyuma ya mgongo wangu, akila bisi kwa kunyoosha mkono tu.

"Mwanamke huyu anatumalizia kahawa," Emama alininong'oneza. "Lini ataanza kazi?"

Mimi pia nilijiuliza. Mpaka siku moja Mwalimu alipochelewa, nasi tukadhani haji. Beza alikuwa uani na kuku wetu, anacheza mchezo wake wa kila siku. Alikuwa dalali.

"Njooni, njooni, msije mkajuta! Tazama mkia huu! Huyu si kuku, huyu ni kondoo aliyeota manyoya! Wewe baba mwenye kofia, unapita wapi na bahati yako iko hapa?"

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kahawa. Nikamwona Mwalimu Aselefech amesimama nje ya uzio wa mabati, ametega sikio. Aliingia kimya kimya, akachuchumaa mbele ya kuku. Hakumtazama mtoto hata kidogo.

"Mmh," alimwambia kuku. "Mbona amekonda?"

Nikaona mabega ya Beza yamepanda. Birika lilikuwa linaniunguza kiganja na sikuthubutu kuliweka chini.

"Labda ni mgonjwa," Mwalimu akaendelea, kana kwamba anajisemea. "Bora ninunue kwa mwingine." Akaanza kuinuka.

"Si mgonjwa."

Ilikuwa sauti nyembamba, nyepesi kama majivu. Lakini ilikuwa sauti.

"Si mgonjwa?" Mwalimu bado anamtazama kuku. "Anataga?"

"Kila siku."

"Hata Jumapili?"

Beza alifikiri. "Jumapili anapumzika."

"Basi huyo ni Mkristo mzuri. Namchukua." Akaokota maharage makavu yaliyokuwa chini, akayaweka moja moja, kama fedha, kwenye kiganja cha Beza, akamkwapata kuku wetu, akaja naye ndani kunywa kahawa, kuku yuko mapajani. Aliponipita alinong'ona: "Usimsifu. Usimwangalie. Mimina kahawa."

Nikamimina. Nusu ilikwenda kwenye sinia.

Tangu siku hiyo mambo yakaanza kusogea kama mtoto anayejifunza kutembea. Mwalimu alikuja na Fikirte, yule jirani wa dawatini, msichana mpole mwenye pengo la meno mawili, na Beza akamuuzia kuku huyo huyo. Baadaye Mwalimu akasema Jumamosi twende sisi shuleni, darasa likiwa tupu. Tuliketi wanne: mimi, mwalimu, watoto wawili. Beza alininong'oneza herufi sikioni, mimi nikazisema. Halafu akaninong'oneza kwa nguvu kidogo, Fikirte akasikia. Halafu nikakaa dawati la nyuma. Halafu mlangoni. Halafu nje, nikisokota pamba, nikisikia ndani sauti ya mwanangu ikisoma ubaoni, ndogo, yenye kusitasita, lakini ni yake. Baada ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo, Mwalimu alianza kuwaita wawili hao mezani kwake siku za kawaida, wenzao wakiandika, na Beza akamjibu kwa kunong'ona darasa likiwa limejaa.

Hapo ndipo Gizachew alipotaka kusikia kwa masikio yake. Nilimkataza. Alisema atapita tu, atasimama dirishani, hatapumua. Akapita. Akasimama dirishani. Akamsikia mwanawe akisema "lu, li, la", na furaha ikamshinda nguvu.

"Huyoo! Binti yangu huyoo! Mmemsikia?" Akapiga makofi mpaka darasa la tatu wakatoka nje kutazama.

Watoto sitini walimgeukia Beza. Mlango ule wa sauti yake ukafungwa. Wiki iliyofuata hakunong'ona, wala iliyofuata. Hata Jumamosi, darasa likiwa tupu, alikaa na kubana midomo.

Gizachew alikwenda kwa Mwalimu akiwa amevua kofia, anaisokota mikononi. Nilikuwa pamoja naye.

"Mwalimu, nimeharibu. Nipige."

"Baba Beza, wazazi wote hupiga makofi. Ni vile tu wako huogopa, na makofi yako yanasikika mpaka Addis Ababa." Hakukasirika. Nadhani alikuwa amechoka, lakini hakukasirika. "Akirudi kusema, na atarudi, wewe fanya kama amepiga chafya. Umesikia? Mtu akipiga chafya hatupigi makofi."

"Tunamwombea heri tu."

"Basi mwombee heri, moyoni."

Mume wangu alianza kumpeleka shule na kumchukua kila siku kabla ya kwenda sokoni na baada ya kutoka. Alijifunika shuka lake zito mpaka puani. Wakawa wanatembea bila neno, baba na binti, ila kama Beza mwenyewe ataanzisha. Emama aliwaona siku moja wakipinda kona, akanishika mkono. "Mwanangu anaumwa?" Nikamwambia hapana, Emama, anasoma darasa la kwanza.

Mfungo mkubwa ulipita hivyo. Tulikula mchuzi wa shiro na dengu, tukaomba, tukangoja. Beza alirudia kunong'ona polepole, kwanza Jumamosi, kisha mezani kwa mwalimu. Pasaka ikaja, tukachinja, na shule ikafunguliwa tena.

Lililotokea baada ya hapo nilisimuliwa na Mwalimu mwenyewe. Watoto walikuwa wamepanga foleni bombani, yeye akiwasimamia. Mvulana mmoja mkubwa, jeuri, alimsukuma Fikirte akaingia mbele yake. Fikirte, kama kawaida yake, akainamisha kichwa. Ndipo ikapasuka sauti, si ya kunong'ona, bali sauti ya soko la kondoo siku ya sikukuu:

"Wewe! Rudi nyuma! Tangu lini mkia ukaja mbele ya kichwa?"

Foleni nzima iliganda. Bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika, hakuna aliyekinga. Mvulana akatazama huku na huku kutafuta ni nani. Beza alikuwa amesimama na mikono kiunoni, uso umemwiva, pengine mwenyewe ameshtuka kuliko wote.

Mwalimu Aselefech alinyoosha mkono akafunga bomba. "Umesikia," alimwambia yule mvulana. "Nyuma." Kisha akageuka akaenda nyuma ya jengo. Alinieleza kwamba huko alilia mpaka miwani ikajaa ukungu, akaifuta kwa sweta, akarudi kupiga kengele.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha na mawingu yanaanza kukusanyika, tuliitwa shuleni mimi na Gizachew. Mwalimu alituketisha kwenye yale madawati madogo, akatukazia macho.

"Wazazi, nina malalamiko. Bezawit anasema mno darasani. Nikifundisha anamweleza Fikirte nilichokisema. Jana nimemhamisha, akaanza kuwaeleza aliowakuta. Naomba mkaongee naye."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekaza taya, mishipa ya shingo imemtoka, mikono miwili ameikalia ili isipige makofi.

"Tutaongea naye, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini sana. "Tunasikitika sana."

"Naona mnavyosikitika," alisema Mwalimu, na sisi watatu tukaangua kicheko hadi mlinzi akachungulia.

Beza hakuwa wa kwanza darasani. Alisoma kwa kuburuta, na baadhi ya herufi zake hadi leo zinaangalia nyuma. Alikuwa amepoteza kofia mbili na meno manne. Siku shule ilipofungwa, mvua kubwa ikinyesha, nilioka mkate mnene wa kufunikwa kwa majani, Gizachew akabeba mfuko wa kahawa, tukaenda na mtoto wetu nyumbani kwa Mwalimu, chumba kimoja nyuma ya kanisa la Selassie.

Tulimkuta ameketi kitandani karibu na mama yake, amevua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba. Mwaka mzima alikuwa amesimama kwa miguu ile mbele ya watoto wetu, na Jumamosi alipopaswa kuiinua juu alikuwa akitembea nayo mpaka kwetu, matope kwa mawe.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Yote yalinitoka. Niliona beseni pembeni, na maji yalikuwa motoni. Nikachukua beseni, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama Beza, hapana! Unafanya nini? Inuka, ni aibu!"

"Aibu ya nani? Lete mguu."

"Mimi si mzee, wala si padri, hata nioshwe miguu!"

"Mwalimu," Gizachew alisema akiwa mlangoni, "huyu mwanamke akikata shauri hata mimi hunyamaza. Toa mguu, maji yanapoa."

Mama yake mzee alicheka kwa sauti ya kukwaruza. "Mwache, binti yangu. Mtu akishukuru usimzuie."

Akautoa mguu. Nikauosha mmoja, nikauosha wa pili, vidole, visigino vilivyopasuka, taratibu kama nilivyomwosha Beza alipozaliwa. Beza ndiye aliyenimiminia maji kwa jagi, akiuliza maswali bila kupumua: kama mwalimu wa darasa la pili naye anavaa miwani, kama Fikirte watakaa naye, kama mwalimu anaweza kuhama darasa akawafuata, na kama hawezi, nani kakataza. Mwalimu alimjibu moja moja. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi wote wawili wapaze sauti.

Nilipomaliza nilimpangusa kwa ncha ya shuka langu.

"Mungu akupe kwa niaba yangu," nilimwambia. "Mimi sina cha kukutosha."

"Amina," alisema, akaniinua kwa mikono miwili. "Sasa kateni huo mkate, jamani. Harufu yake inatutesa tangu mlipoingia."